Ayubu Amefunga

Rumonge, 19 Januari 2025

Kwa mwanangu Tahira,

Asalaam alaikum. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu asubuhi. Watoto hawajambo? Nakuandikia kwa sababu simu naongelea mbele ya ndugu yako, na haya sitaki ayasikie. Barua nampa Bakari dereva kama kawaida.

Ayubu amecheka. Tangu baba yenu afariki hajacheka. Dawa ya kwanza ilimlaza mchana kutwa, ya pili ilimnenepesha tu na huzuni ikabaki palepale. Hivi vidonge alivyoongezewa huko Bujumbura nilivipokea bila matumaini. Jana niliunguza mukeke, akaonja, akasema, "Mama, huyu samaki umemuua mara ya pili." Nikaenda kulia nyuma ya bidoni za mafuta ya mawese.

Yale maagizo ya muganga wa hospitali niandikie tena, nisije nikakosea.

Mama yako, Aziza

Bujumbura, 8 Februari 2025

Mama yangu,

Amahoro. Sisi wazima, mdogo ana mafua kidogo. Barua yako niliisoma jikoni nikiwa nimesimama, wali ukaungua.

Muganga anasema hatimaye tumeipata dawa inayomfaa, lakini ni kali, na maji ndiyo yanayomlinda. Anywe mchana kutwa, chumvi asipunguze, na damu ije ipimwe. Kwa hiyo Ramadhani asifunge, Mama. Nimemuuliza shehe wetu hapa mtaani Buyenzi, naye anasema mgonjwa ana ruhusa.

Binti yako, Tahira

Rumonge, 9 Machi 2025

Mwanangu Tahira,

Nakutakia funga njema, wewe na nyumba yako. Mimi sijambo, goti limepoa.

Usinikasirikie. Ayubu anafunga. Nilimwekea chupa ya maji na chapati, akavirudisha jikoni. Nikamwambia mgonjwa ana ruhusa. Akaniuliza taratibu, "Mama, mimi bado mgonjwa?"

Unakumbuka alipofunga siku nzima mara ya kwanza, baba yenu akambeba mabegani mpaka msikitini, naye amesinzia kichwani pake? Watu waliokuwa wakivuka barabara kumkwepa, sasa wanamwita kwenye futari zao. Ningemnyang'anyaje hayo?

Usiku namnywesha maji mengi, nadhani yanafidia. Vidonge hakosi. Mikono inamtetemeka kidogo, uji unamwagika, lakini joto la mwaka huu limetuchosha wote.

Mama yako

Bujumbura, 15 Machi 2025

Mama,

Salamu zangu ni fupi, unisamehe. Barua yako imenifikia leo. Esansi hakuna, magari yamekauka mafuta, basi hazitoki. Nilipiga simu, Ayubu akapokea mwenyewe, akasema umelala. Maneno yalikuwa yakimburuzika mdomoni. Nikapiga tena, simu imezimwa.

Mama, si joto. Mikono ikitetemeka, dawa imezidi mwilini, na ikizidi ni sumu. Mfungulie leo, hata ikiwa mchana. Asimeze kidonge kingine. Mpeleke hospitali na pakiti ya vidonge waione. Kufunga atafunga mwaka mwingine.

Barua hii nampa mtu wa lori la saruji, ameahidi kufika. Kesho mwenyewe natafuta njia.

Tahira wako

Rumonge, 16 Machi 2025

Mwanangu Tahira,

Habari za siku nyingi? Mimi mzima. Umeme hatuna, simu imekufa, na barua yako sijaiona. Nadhani ni hiyo esansi.

Juzi Ayubu alirudi kutoka msikitini akiyumba. Vijana wa sokoni wakamtania, eti amefuturu kwa pombe ya ndizi. Akacheka nao, mate yakamtoka. Jana alitapika. Nikamsihi afungue, akasukuma kikombe. "Tumevuka nusu, Mama," akasema. Ilibidi arudie ndipo nikamwelewa.

Leo amelala tangu daku. Hata adhana haikumwamsha. Jirani yetu Marguerite alikuja kumtazama, akasema nimwache, mtu hajapumzika tangu msiba. Kweli uso wake umetulia, hata mikunjo ya paji la uso imeondoka, nimeona sura ya baba yake. Nimekaa kando yake namfukuzia nzi.

Kidonge cha jioni nimekiponda kwenye uji, maana kumeza kunampa shida. Jua likizama nitamwinua nimnyweshe polepole.

Mimi mama yako Aziza. Utukumbuke kwenye dua.