Gari la Kijerumani na Mchele wa Mama

Kibaoni,
Ifakara.
9 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Theodori,

Marahaba nyingi. Najua shikamoo yako iko njiani, naipokea kabla haijafika. Habari za Sumbawanga? Baridi ya huko imepungua, au bado mnalala na masweta? Shemeji Dativa mguu wake unaendeleaje, na watoto wanasoma? Sisi hapa tupo. Mama Evod alipitiwa na malaria kidogo, sasa anatembea. Mimi presha yangu inapanda na kushuka. Inapanda kila nikitazama uani, maana uani ndiko liliko gari.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Kila ukipiga unaniuliza, "Kaka, gari linasemaje?" nami nakujibu linaendelea vizuri. Nilikuwa nakudanganya. Mwalimu mzima, miaka thelathini na sita ya chaki, nadanganya kama mtoto aliyeiba andazi. Ningekueleza kwa simu ungecheka kabla sijafika mwisho, na mwisho wake hauchekeshi hata kidogo. Kwa hiyo kaa kitako usome.

Unakumbuka tulichanga fedha za gari kwa ajili ya jambo moja tu, Mama apelekwe Mahenge akamwone mdogo wake, Mama mdogo Stefania. Tangu Mama avunjike nyonga hawajaonana, huu mwaka wa sita. Mwezi wa sita Mama mdogo akapata kiharusi. Upande mmoja ukalala, ila mdomo ulikuwa mzima. Ritha binti yake akapiga simu akasema mama yake anamwita dada yake, ana maneno naye, na anataka kuyasema wakiwa wawili. Mama naye unamjua, kwa simu hasikii kitu, anapiga kelele "haloo" mpaka salio linakwisha. Ilikuwa lazima aende.

Sasa nikupe haki yako. Ulisema, "Kaka, chukua la Kijapani, spea zake utazikuta hata kwa muuza vitunguu." Nikakuona mtoto. Nikakwambia la Kizungu halifi. Na unajua nilikolitoa neno hilo. Pale Mofu, tukiwa wadogo, lile gari la Misheni lilikuwa linafika kila mwezi, masika na kiangazi, tope mpaka kwenye vioo, Padri anashuka na viatu vikavu. Baba alikuwa analivulia kofia. Analivulia gari, Padri mwenyewe bado hajashuka! Nimekua na imani hiyo sambamba na sala ya Nasadiki. Wazee wengi wa huku tuna ugonjwa huu, tukiambiwa kitu ni cha Mzungu tunatafuta kofia ya kuvua. Tumesahau kwamba kulikuwa na Bruda mmoja wa Misheni aliyekuwa anashinda chini ya lile gari na spana zake. Huyo Bruda hatukumhesabu.

Hili la Kijerumani nililonunua mimi ni gari la taa. Lina taa ya mkanda, taa ya mlango, na taa ya kukuambia kuna taa imeungua. Viti ni vya ngozi, vinakubabua mapaja kwa jua letu hili. Limekaa chini kama bata anayeatamia. Tuta la kwanza tu hapa Kibaoni likakwaruza tumbo, watu wa kijiweni wakashika vichwa. Dereva aliyelileta kutoka Dar es Salaam alinipa ufunguo, akakataa chai, akawahi basi la kurudi. Ningekuwa na akili ningemuuliza haraka ya nini.

Linataka oili yake, betri yake, hata maji ya rejeta yana rangi yake maalumu. Ukiliwekea vya dukani kwetu linanuna. Fundi wa kwanza niliyemwita alilizunguka mara mbili akanipa pole.

Sasa sikia ujinga wangu. Jua likawa linapausha rangi, kuku wa mama Evod wakawa wanalala juu ya boneti. Nikasema hapana. Tulikuwa tumetoka kuvuna shamba la Michenga, ghala limejaa mpunga. Nikaamuru magunia yasogezwe upande mmoja, gari likaingia upande wa pili, nikalifunika shuka. Mama Evod akashika kiuno. "Baba Evod, gari na mpunga vinalala chumba kimoja?" Nikamjibu gari halili mpunga. Jamani! Mtoto yeyote wa bonde hili anajua ghala la mpunga ni mji wa panya. Mimi nimezaliwa kwenye mpunga, nimesomeshwa kwa mpunga, halafu nikaenda kuwafungulia panya nyumba yenye viti vya ngozi.

Safari tukaipanga Jumamosi tarehe 6 Julai. Wiki nzima Mama alikuwa anachambua mchele mpya wa kumpelekea mdogo wake, punje kwa punje, na macho yenyewe yale. Akaujaza kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko. Ijumaa jioni akaniomba niiweke kwenye buti kabisa, asubuhi isije ikasahaulika. Asubuhi akavaa kitenge chake cha Jubilei ya parokia, akakaa kiti cha nyuma, rozari mkononi. Nikazungusha ufunguo.

Taa zote zikawaka. Zote, Theodori! Halafu zikazima, na ikatoka harufu. Ukiwahi kusahau dagaa wabichi kwenye mfuko wa plastiki siku nne utakuwa umeijua nusu yake. Likasukumwa mpaka uani, akaitwa fundi Beno, yule mwenye mvi wa kule stendi. Akafungua boneti, wakaruka panya wawili, mmoja akanipitia kifuani. Chini ya kifuniko cha injini kulikuwa na kiota, vitoto vyekundu visivyo na manyoya vinafurukuta, mkojo umekauka manjano juu ya kila kitu, nyaya zimetafunwa imebaki shaba tupu. Nikatapika pale pale mbele ya majirani. Ptuu! Mpaka leo nikikaa mezani ile harufu inanirudia.

Hapo ndipo nilipofanya jambo linalonifanya nikuandikie. Niligeuka nikamfokea Mama. Nilimwambia, "Ni huo mchele wako! Umeniwekea chambo cha panya kwenye gari!" Mbele ya watu, kwa sauti ya darasani. Mama wa miaka themanini na tatu.

Alishuka na fimbo yake, akaomba ndoo itolewe, akakaa barazani, akamwaga mchele kwenye ungo na kuanza kuuchambua upya, anatafuta kinyesi cha panya. Alichambua mpaka adhuhuri, na kitenge cha Jubilei bado yuko nacho. Alipomaliza akaurudisha kwenye ndoo, akafunika.

Nyaya zikaagizwa Dar es Salaam. Zilipokuja zikawa za gari la mwaka mwingine, zikarudishwa. Zikaja nyingine. Beno akazifunga, gari likawaka, likakohoa, likazima. Tukaambiwa sasa tatizo ni kompyuta yake, inakumbuka ule uharibifu wa mwanzo na haitaki kusahau, mpaka aje mtu wa mashine ya kuisoma kutoka Morogoro. Gari lenye kinyongo! Mtu wa mashine akaja, akachomeka waya wake, akatikisa kichwa, akaandika namba kwenye kikaratasi, akaondoka nacho.

Kila asubuhi Mama alikuwa ananiuliza neno moja tu: "Limepona?" Nami namjibu bado kidogo, Mama. Anaitikia "haya," anarudi ndani.

Kabula, yule jirani yetu Msukuma mwenye duka la dawa za mifugo, alinijia mara mbili. "Mwalimu, basi la Mahenge lipo kila siku. Nitampeleka mimi, si kazi." Nikamwambia Mama hawezi kupanda basi na nyonga ile wakati gari lipo nyumbani. Nyonga ilikuwa kisingizio. Nilikuwa nimekwisha kutamba kwenye jumuiya, tena baada ya sala, kwamba mama yangu ataingia Mahenge kwa gari lake. Ningewaeleza nini?

Wiki ya pili Beno akafumua dashibodi. Akatoa kiota kingine, kikubwa kuliko cha kwanza, cha zamani, kimekauka. Akakimwaga miguuni pangu. Zikatoka nyuzi za magunia, vipande vya kitabu cha gari, na makapi ya mpunga, makapi tele. Punje nyeupe hata moja haikuwamo. Beno akaniambia, "Mwalimu, hawa wapangaji wako wa tangu siku ulipoliingiza ghalani." Ndoo ya Mama ililala kwenye buti usiku mmoja tu, na mfuniko wake haukuwa na alama ya jino.

Nikamwomba Beno asimwambie mtu. Mama alikuwa barazani, hatua kumi kutoka pale nilipokuwa nimesimama, na sikwenda.

Jumatano tarehe 24 Ritha akapiga tena. Kiharusi cha pili. Mama mdogo yu hai, lakini mdomo umefunga, hawezi kutamka hata jina la mwanawe.

Mama hakuniuliza tena kama limepona. Ijumaa asubuhi nilimkuta amekwisha kuvaa, ndoo imefungwa kwa kanga, Kabula amemshika mkono. Nikasema, "Mama, ngoja walau mpaka Jumatatu." Akanipita. Kondakta alimpa kiti cha mbele, dereva akaenda polepole kwa ajili yake, wakafika Mahenge kabla ya chakula cha mchana. Kabla ya chakula cha mchana, Theodori! Wiki tatu nimemzuia mama yangu safari ya asubuhi moja.

Kabula aliporudi alinisimulia akiwa amesimama, hakutaka kiti. Mama aliingia, akakaa kitandani, akamshika mdogo wake mikono yote miwili, akamwambia, "Mdogo wangu, nimekuja. Haya, sema." Mama mdogo akafungua mdomo. Hakikutoka kitu, yalitoka machozi. Yale maneno aliyomwitia dada yake alikaa nayo zaidi ya wiki mbili, ulimi mzima, anasikiliza kama gari limefika. Sasa hakuna atakayeyajua.

Ndiyo hayo. Nalichukia hilo gari kuliko nilivyowahi kuchukia kitu chochote. Nachukia harufu yake, nachukia linavyong'aa, nachukia hata kivuli chake. Lakini tuseme kweli, gari halikumfokea mtu, na panya walikuwa wanatafuta pa kulala kama viumbe wengine. Ninayemwonea kinyaa ni huyu ninayemnyoa ndevu kila asubuhi. Majuto ni mjukuu, nilikuwa nawaandikia watoto ubaoni waigize mwandiko.

Jumatatu napanda basi kwenda Mahenge. Nitapiga magoti mbele ya Mama, na mbele ya Mama mdogo pia, hata kama hawezi kuniitikia. Nilitaka wewe ujue kabla sijaondoka, usije ukayasikia kwa watu.

Kuhusu gari, mchango wako umo, kwa hiyo naomba ruhusa yako. Beno yuko tayari kulivunja auze vipande. Usiniambie tulitengeneze. Usinitumie kifaa hata kimoja, nitakirudisha na basi lililokileta. Kwa sasa milango yake iko wazi, kuku wa mama Evod wanataga kwenye kiti cha nyuma, na nimewaacha.

Nisalimie sana shemeji Dativa, mwambie mguu asiufanyie mchezo. Wasalimie watoto wote, na Amedeus mwambie baba mkubwa anasubiri matokeo yake ya mtihani. Mama Evod anawasalimu, Evod pia. Kabula anakusalimu, ingawa mimi ananisalimu kwa shida.

Mama anakusalimu sana kutoka Mahenge. Ritha alinipigia juzi. Anasema siku ile ile aliyofika Mama alipika uji wa ule mchele, akamlisha mdogo wake kwa mkono wake, vijiko vitatu vikapita, ndicho chakula cha kwanza kumezeka tangu Jumatano ile. Halafu akamtuma Ritha anifikishie salamu. Wewe alikutakia afya na kukuombea mema, na watoto wako mmoja mmoja kwa majina. Ya kwangu ilikuwa fupi: "Mwambie Fulgensi mchele nimeupika wote. Haukuwa na panya."

Mungu awalinde huko mliko, na Bikira Maria awafunike kwa vazi lake, wewe na nyumba yako.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye ingawa nilikudanganya,

Fulgensi