Kusimama juu ya farasi wa Papa Delphin

Butembo, tarehe 9 mwezi wa pili

Mama mudogo Adèle,

Nakusalimia pale Mavivi. Huku tuko bazima, na mvua inanyesha kila mangaribi.

Nilianza kujifunza voltige, ni kusema mazoezi ya kucheza juu ya farasi mwenye anatembea. Papa Delphin, munganga wa nyama, iko na farasi mumoja muzee, na anafundisha sisi babinti bane ba kanisa. Anamushika na kamba, farasi anazunguka polepole. Benzangu walinyoosha mikono siku ya kwanza. Mimi hapana, nilishikilia mukaba wa farasi na nguvu yote. Unajua, tangu mama hakurudi kutoka shamba, mikono yangu haitaki kuachilia kitu.

Papa Delphin hakunisukuma. Aliniambia: “Shekinah, leo achilia kidole kimoja tu.”

Kila samedi nikaachilia kingine, mpaka vidole yote kumi ikaisha. Samedi yenye ilipita nilipiga magoti, kisha nikasimama. Farasi aliendelea kutembea. Nililia, mais sikushuka.

Wakati ulinipandisha pikipiki kuja huku, nilikukasirikia, hata kukuaga sikukuaga. Nilifikiri unanifukuza. Sasa naelewa: ulikubali kubaki peke yako mu ile nyumba ili mimi nitoke. Nakuomba unisamehe, na nakushukuru sana, mama.

Mutoto wako mwenye anasimama,
Shekinah