Mchumba Wangu Ameitia Kioo Saa Yangu ya Kuzamia

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka kwa hasira. Kazi yangu ni kuzamia, nasugua matumbo ya meli bandarini, na mkononi navaa saa ya kujaza ufunguo aliyoniachia baba mdogo aliyenifundisha kazi, nzito, haina urembo, mfuniko wa nyuma chuma kitupu, na hiyo ndiyo inayoniambia hewa ya mtungi imebaki ya muda gani. Sasa mchumba wangu ni mpenda saa wa kupindukia, akaichukua nikiwa likizo bila kuniuliza, akampa fundi autoe mfuniko wa chuma aweke wa kioo, na mashine ya ndani ikang'arishwa na kuchongwa michirizi mpaka ikameremeta, akaniletea eti zawadi, "Uzuri wote huu ulikuwa umefungiwa gizani," nami nikasema asante, nikavaa. Chini ya meli maji yakapenya, mishale ikaganda, naitazama najiambia muda bado ninao, na mwenzangu wa juu asingenivuta kwa kamba mngekuwa mmeshanizika. Nikamfokea mchumba wangu mbele ya mama yake. Sasa amenuna, anasema kosa ni la fundi, nisipomwomba radhi harusi hakuna, na mama mkwe naye ananiambia mwanamke hafoki kwa sababu ya saa. Je, niombe radhi?

Mzamiaji Mwenye Kisirani

Pole, mwanangu, na umshukuru huyo wa kamba. Ati saa! Huyo mama mkwe hajui kwamba ulikuwa unafokea uhai wako. Hebu nikuulize: ukiwa majini, mgongo wa saa si umelalia ngozi yako? Huo mng'aro uliwekwa aone nani? Aone yeye, akuvue saa mezani awatambie rafiki zake.

Lakini na wewe usijitie umalaika. Saa ikishafunguliwa haishuki majini kabla ya kupimwa kama inavuja, hilo unalijua kuliko mimi. Uliona kioo, moyo ukashtuka, ukafyata ulimi ili bwana asinune. Na kununa amenuna vilevile.

Radhi usiombe. Mfuniko wa chuma urudishwe na saa ipimwe, ndipo ushuke tena. Kisha mwambie mchumba wako kwamba vyombo vyako vya kazi haviguswi bila ruhusa yako. Akisema "nimekosa" pasipo kumtaja fundi, endeleeni na mipango. Akianza na "lakini", mrudishie pete yake siku hiyohiyo, na mama yake akiwepo ndiyo vizuri zaidi. Harusi huahirishwa, mwanangu. Pumzi haiahirishwi.