Mama Alijua, Akaniita Mvivu

Jumanne, Bukiriro. Mvua ya asubuhi imekatika na jua limetoka, ila mimi bado nina hasira.

Nina miaka kumi na saba. Leo nimejua kwamba mama yangu alinificha jambo kwa miaka minne.

Asubuhi Mama alibaki na kazi ya maharage, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka mdogo wangu Gaspari kliniki ya afya ya akili, Ngara mjini. Gaspari ana miaka kumi na moja. Ana ADHD, hali inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kukaza akili kwenye jambo moja. Kwake kila mtu aliiona: alipanda madawati, alidakia maneno ya watu, alitoka darasani bila ruhusa.

Muuguzi alinitazama. "Wewe ndiye Editha? Tulimwambia mama yako akulete tukupime na wewe tangu huyu alipoanza kliniki, maana hali hii mara nyingi huwapata ndugu wa familia moja. Mbona hukuja?"

Nilidhani amenifananisha.

"Si kila mwenye hali hii anarukaruka," alinieleza. "Mwingine anakaa kimya kabisa, kumbe akili iko mbali. Mabinti wengi tunachelewa kuwagundua kwa sababu hiyo. Na hata hao wanaorukaruka, wakifika umri wako miguu inaweza kutulia, vurugu ikabaki ndani."

Vurugu ikabaki ndani. Nilitaka kulia pale pale.

Nilifeli mtihani wa kidato cha pili mara mbili, shule ikaishia hapo. Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara tano na sikumbuki hata mstari. Nimewahi kutoka nyumbani kwenda kulima nikafika shambani bila jembe.

Niliporudi nilimkuta Mama uani anapeta maharage. Nilimwamkia, akaitikia marahaba.

"Mama, hospitali walikuambia unipeleke na mimi?"

Aliendelea kupeta. Kisha akasema, "Wewe ulikuwa humsumbui mtu. Na watoto wawili kliniki ile, watu wangesema nini? Nani angekuoa?"

Labda hofu hiyo ningeielewa.

Lakini nakumbuka alivyoitwa shuleni nilipofeli mara ya kwanza. Mwalimu aliniita mvivu mbele yake. Nilimwangalia Mama nikitegemea anitetee. Akasema, "Mwadhibuni tu, mwalimu, hata nyumbani yuko hivyo hivyo."

Siku ile tayari alikuwa anajua.

Muuguzi amenipangia Alhamisi. Amesema ni lazima aje mtu aliyenilea, kwa sababu hali hii huanza utotoni na watamuuliza nilivyokuwa nikiwa mdogo. Baba alishafariki. Amebaki mtu mmoja tu anayeweza kujibu, na ni huyo huyo aliyenyamaza.

Nilimweleza Mama hayo nikiwa nimesimama, sikutaka kukaa karibu naye.

"Nije?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Uje. Na useme yote nikiwepo."

Alishika tena ungo, maharage yakawa yanamwagika chini, na hakuyaokota.

Sijamsamehe. Sijui kama nitaweza.

Alhamisi nitakaa kwenye kiti kilicho karibu yake, nimsikie akisema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba sikuwa mvivu.