Nyasi za Nchi Isiyokuwapo

Ukunda,
14 Machi 1999

Mama mpendwa,

Shikamoo. Usicheke; huku pwani bila shikamoo hupewi hata maji. Natumai goti limepoa, na kuku wa Dolphine wameacha kuchimbua mboga zako. Mimi ni mzima wa mwili.

Mwaka jana mgeni mmoja alituachia hotelini vitabu viwili vya mchezo. Watu huketi mezani wakarusha dadu, kila mmoja akijifanya shujaa wa nchi isiyokuwapo. Mchezo wenyewe hatukuujua, ila mimi na Griffin tulibishania picha. Kitabu nilichokipenda mimi kilikuwa na mashujaa wa nguo za chuma zinazometameta, ngome nyeupe, na nyasi kijani hadi unatamani kuwa mbuzi. Chake kilikuwa jangwa tupu, jua jekundu, watu wamejifunga matambara na silaha zao ni mifupa. Alisema mashujaa wangu hawajawahi kulala njaa, kwa hiyo yeye hawaamini. Nikamjibu kwamba njaa tumeiona ya kutosha, ya nini kuitundika ukutani?

Unamjua mwanao kwa ubishi. Januari aliacha kidogo kazi yake ya kuchora mabango ya maduka pale Kona ya Musa, kwani Bwana Chande, msimamizi wetu, alimpa kazi ya kuchora ukuta wa chumba cha watoto. Chande alichagua kitabu changu. Griffin alichora vizuri ajabu, lakini nyasi zote zilikuwa kahawia, kama zimeungua. Chande alifoka. Nami, jamani Mama, nikamsuta mbele ya watu kwamba ameingiza jangwa lake kwa kiburi. Akaapa kuwa ni kijani. Tukacheka. Akaleta kopo la rangi atuonyeshe, nalo lilikuwa la kahawia. Siku ya pili nilimpeleka kwa daktari.

Mama, kaa kwanza ndipo usome. Mishipa ya macho yake inakufa. Rangi zilitangulia kupotea, na dawa hakuna. Sasa haoni hata uso wangu. Alinikataza kukuandikia, lakini siwezi kukuacha ushtukie mlangoni. Moyo unaniuma, Mama.

Namleta nyumbani, tutafika Jumamosi kabla ya Pasaka. Tafadhali usimpokee kwa kilio. Nisalimie Dolphine na majirani wote, Mungu awatunze.

Jana aliniuliza kitambaa chako cha kanisani ni cha rangi gani. Nilisema buluu, na kusema kweli sikumbuki. Akikuuliza, mwambie ni buluu.

Bintiyo,
Veronicah