Gemu la Nassor Halisemi

Jumatatu, 4 Agosti

Uji umerudi mezani kama ulivyokwenda. Umeganda juu. Nimeunywa mwenyewe nimesimama, nikaenda kufungua duka. Mashine ya fotokopi imekwama karatasi asubuhi nzima, wanafunzi wamepanga foleni na vyeti vyao, na mie roho iko nyumbani.

Nassor hatoki chumbani. Mdogo wangu huyu alikuwa dereva wa lori, mtu wa kelele na mzaha. Presha ya macho imemaliza macho yote mawili, madaktari wa Dar wamesema hakuna tena cha kuokoa. Mke walishaachana zamani. Basi kaja kwangu Tanga, kitanda na ukuta, ukuta na kitanda.

Redio nimeizima tangu siku aliyoingia. Televisheni pia. Mama Neema, mpangaji wangu wa uani, nimemwomba asiimbe nyimbo zake za kwaya anapofua. Kakubali bila neno, Msambaa wa watu. Nyumba imetulia. Nadhani inamsaidia.

Jumatano, 6 Agosti

Leo kaniuliza kitu! Nimemkuta amekaa kitako, miguu chini. "Da Zuhura, lile gemu langu bado lipo?"

Nikajibu "Lipo!" kwa haraka, utadhani nimeulizwa na polisi.

Lipo kweli, ndani ya kasha la marehemu Mama, limeviringishwa kanga. Gemu la zamani, la kuchomeka kaseti juu. Ami yetu alimletea kutoka Maskati, Nassor yuko darasa la pili au la tatu. Kuna kaseti moja ya mtu mdogo anayekimbia na kuruka mashimo. Nassor alikuwa akijifunga mtandio wa Mama machoni, anacheza hivyohivyo, watoto wa mtaa wamejaa mlangoni wanapiga vigelegele. Muziki ulikuwa unabadilika kabla ya shimo, ndivyo alivyojua aruke wapi. Alikuwa anajishaua huyo, loh.

Nimelitoa, nimelifuta vumbi. Yeye kalipapasa weee, hadi kwenye ufa wa pembeni. Kala wali leo. Sahani nzima.

Alhamisi, 7 Agosti

Limewaka. Picha imekuja, na mtu mdogo yuleyule na kofia yake.

Nassor katoka chumbani. Peke yake, mkono ukutani, mpaka sebuleni. Kakaa mkekani, kashika pedi, kile kidude cha kuchezea, mapajani, kichwa kainamisha upande wa televisheni. Akangoja.

Kimya.

Nikabonyeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Nikachomoa, nikachomeka. Kimya.

"Limewaka?" Limewaka, nikasema. "Mbona halisemi?" Kaweka pedi chini polepole, karudi chumbani na ule mkono wake ukutani. Mie nimebaki natazama mtu mdogo anaruka bure. Kwangu ni gemu lenye picha bila sauti. Kwake si kitu.

Nimelia jikoni. Halafu nimekasirika. Mashine haiwezi kunifanyia hivi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, duka limefungwa. Nimejifanya fundi.

Kwanza televisheni. Nimewasha taarifa ya habari, sauti imetoka nusura inipasue masikio. Nikaizima mbio. Basi televisheni nzima.

Pili waya. Gemu lina nyaya mbili, wa manjano wa picha na mweupe wa sauti. Nikazibadilisha, mweupe nikauchomeka penye picha. Picha ikaja. Kwa hiyo waya mweupe mzima. Kisha wa manjano, unaotoka penye picha ya gemu, nikautia tundu la sauti la televisheni, ikanguruma kama nyuki. Kwa hiyo na tundu la televisheni zima. Nimejisifu.

Tatu kaseti. Nimepuliza kama tulivyokuwa tukipuliza, kisha nimesafisha meno yake kwa spiriti na pamba ya masikio. Pamba imetoka nyeusi. Nimejaribu kaseti zote. Zote bubu.

Ubovu uko ndani ya gemu lenyewe. Nassor nimemwambia mlangoni, naye kajibu "Haya". Neno moja, lakini kalijibu akiwa amegeukia kwangu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelifungua. Bisibisi ya fotokopi imeingia sawasawa.

Chumvi ya bahari imelila. Tundu la sauti limeota kijani. Nimelisugua kwa mswaki wa zamani na spiriti mpaka likang'aa. Nimetazama kila pembe kama kuna kitu kimeungua au kukatika. Hamna. Kuna waya mmoja mwembamba ambao ncha yake imefungwa utepe mweusi na kukunjwa pembeni kwa adabu kabisa. Wa ziada, nadhani, umetoka hivyo kiwandani. Nimeuacha.

Nimefunga, nimewasha. Kimya.

Uji umerudi tena mezani.

Jumanne, 12 Agosti

Nimelipeleka kwa Fundi Mhina, Ngamiani. Anajua redio, anajua televisheni, na anajua kusema. Kabadilisha kapasita moja iliyovimba, kapima hapa, kapima pale. Na yeye kaugusa ule waya wa utepe, kasema ni wa spea, kauachia.

Mwisho kavua miwani. "Mama, chipu ya sauti imekufa. Na hii hata Dar huipati. Niachie nichomoe vipande vingine."

Ilibaki kidogo nimwachie. Nimeshafika mlangoni mikono mitupu. Nikarudi, nikalichukua, nikalitia ndani ya mfuko wa rambo. Sijui kwa nini. Labda sikutaka kurudi nyumbani bila kitu cha kushika.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemwambia ukweli. Angeniuliza tu.

Kasema anataka kwenda Mwera. Kwenye shamba la minazi la kina Baba. Keshapiga simu, gari linalokwenda kuchukua nazi litampitia Jumatatu. Atakaa huko. "Huko hakuna wa kunihurumia."

Mwera! Nani atampikia? Mlinzi wa shamba ni mzee ambaye hata chai yake anaombea kwa jirani. Kisima hakina mfuniko. Nikamwambia yote hayo. Kasema anajua. Nikapandwa na hasira, nikasema basi nenda, nani kakushika mguu?

Nenda, nimesema. Mdomo wangu huu.

Atakwenda kukaa gizani mpaka afe, na atakuwa amefukuzwa na mie. Hilo ndilo ninaloliogopa. Nimeliandika nilione.

Ijumaa, 15 Agosti

Nguo zake zimo begini. Kazikunja mwenyewe.

Nimempigia simu Shangazi huko Kigombe. Aje amkataze. Mie hanisikii.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo nina mengi ya kuandika.

Shangazi kaja na pweza mkavu kwenye kikapu. Kapiga hodi mara moja, kaingia, kasimama katikati ya ukumbi. Kanishika mkono, kaninong'oneza.

"Nani kafa humu?"

Hakuna aliyekufa, Shangazi. Shikamoo.

"Marahaba. Mbona mmekaa kimatanga? Redio hamna, hata yule mwimbaji wenu wa uani hamna. Mmenitisha."

Nilikwenda kumwekea maji ya chai. Niliporudi alikuwa analitazama gemu mezani, limefunuliwa, matumbo nje. Akacheka. Akasema hivi hili dubwana bado lipo, na bado limefungwa mdomo?

Nikamuuliza limefungwa na nani.

Kanieleza huku anamenya kitunguu, kana kwamba ni habari ya jana. Mama alipofariki nyumba ilijaa watu, wa Pangani, wa Tongoni, wa Kigombe. Redio imezimwa, vigoda vimepangwa, wanawake ndani wanasoma. Nassor haongei, hali, haachi pedi. Ukimpunguzia sauti ya televisheni, watoto wa wageni wanaipandisha tena, muziki wa gemu unalia juu ya kisomo. Shangazi mwenyewe ndiye aliyewaka. Kasema litupwe nje, ni aibu, mama wa watu kalala kaburini na humu kunachezwa.

Baba hakulitupa. Alikuwa fundi saa, mkono wake mwepesi. Kachukua vifaa vyake, kalifungua, kautoa waya wa sauti, kaufunga ncha, kalirudisha kwa mtoto. Kamwambia Shangazi, mwache acheze, ndiyo kilio chake hicho. Sauti nitamrudishia baada ya arobaini.

Kabla ya arobaini Ami akamchukua Nassor kwenda kusoma Dar. Aliporudi likizo keshakuwa kijana, anataka mpira. Gemu likaingia kashani. Baba naye akaenda zake, Mungu amrehemu. Mie wakati ule nilikuwa jikoni na masufuria ya watu wote wale, sikujua lolote.

Utepe mweusi. Nimeushika kwa vidole hivi. Fundi kaushika. Tulikuwa tunatafuta kilichoharibika, na hapakuharibika kitu. Hakuna fundi atakayewaza matanga.

Na mie? Mama Neema nimemfunga mdomo. Redio nimeizima. Nimeweka matanga ya mtu mzima anayepumua, na sikumwekea arobaini yake. Nimekaa kwenye ngazi ya uani nikasema loh, Zuhura, loh.

Nassor sijamwambia. Nikimwambia kisha lisiseme, ndiyo basi tena.

Jumapili, 17 Agosti

Fundi Mhina ni Mlutheri, Jumapili hafungui. Nimemngoja nje ya kanisa na baibui langu na mfuko wangu wa rambo, waumini wananitazama. Katoka na mkewe. Nikamweleza palepale, sikumaliza hata salamu. Mkewe ndiye aliyemwambia nenda, bwana, kamfungulie mama wa watu.

Kazi yenyewe haikuwa kazi. Kafungua utepe, shaba ya ndani ingali nyekundu, safi. Kwenye mguu wa tundu la sauti tone la lehemu ya zamani lipo bado, tulilidhani uchafu. Kalipasha moto, kaushikisha waya, kapuliza. Kasema tu, "Aliyeutoa huu alikusudia kuurudisha." Kakataa malipo. Utepe nimeukunja nikautia kwenye pochi.

Nyumbani nimechomeka bila kusema. Shangazi kakaa kitini na tasbihi, ananitazama. Nikawasha.

Loh! Ule muziki. Mwembamba, wa kukwaruza, ti-ti-ti, unarukaruka. Nilikuwa nimeusahau, kumbe nilikuwa naujua wote.

Chumbani kitu kimeanguka. Mlango ukafunguka. Nassor kaja haraka, kajigonga kwenye kabati, hakujali. Kasimama. Uso wake siwezi kuuandika. Kakaa mkekani, kanyoosha mkono, nikampa pedi.

Kafa kwenye shimo la kwanza. La pili akaruka. Kafa tena, kwenye daraja la mbele yake. Katukana, tusi la madereva, mbele ya Shangazi! Shangazi kasema astaghfirullah na kacheka mpaka kapaliwa.

Baadaye Shangazi kamweleza yote. Matanga, hasira zake, Baba na vifaa vyake. Nassor kasikiliza huku dole gumba liko juu ya pedi. Kasema alidhani siku zile zote Mama alipokufa ni masikio yake yaliyoziba. Alikuwa mdogo, aliona aibu kuuliza. Nikampa ule utepe. Kauviringisha vidoleni muda mrefu, kautia mfuko wa shati.

Begi bado liko mlangoni. Sijaligusa. Si la kuguswa na mie.

Jumatatu, 18 Agosti

Gari la nazi limekuja, limepiga honi. Nikasimama jikoni na mwiko mkononi.

Nassor kaita kutoka sebuleni. "Da Zuhura, mwambie aende. Nina kazi hapa, sijavuka daraja."

Nimetoka nikamwambia dereva aende. Kaniuliza kwa nini nalia. Nikamwambia vitunguu.

Nikapitia uani. Nikamwambia Mama Neema aimbe. Kanitazama kama nimepagawa. Nimemwomba radhi.

Jumapili, 24 Agosti

Mvua kidogo alfajiri, kisha jua. Nimepika pweza wa nazi, wa kile kikapu cha Shangazi. Redio iko dirishani, taarab. Mama Neema anafua na kuimba yake, hawaelewani hata kidogo na redio, na mie nipo katikati nakuna nazi.

Begi keshalifungua. Shati limeanikwa. Ameniuliza chuo cha wasioona kiko wapi, nimesema nitaulizia, sikumchimba.

Anacheza. Daraja limemshinda bado. Sasa hivi kapaza sauti huko sebuleni, kakasirika kabisa: "Da Zuhura, punguza hiyo redio bwana, silisikii shimo!"

Nimepunguza. Kidogo tu.