Sweta ya Shosho wa Kalimoni

Ruiru,
Jumapili jioni

Mama yangu,

Mulembe. Kifua kimetulia, ama bado unakohoa ukipikia kuni mbichi? Mimi mwili ni mzima, lakini nimekasirika hadi chakula hakipiti, na wa kumwambia ni wewe tu.

Huku plotini ninakopanga chumba, majirani bado wananiita msichana wa masaji. Nimechoka kueleza kwamba kozi yetu ni ya kumsaidia mtu aliyeumia arudi kujifanyia mambo yake: kula, kuoga, kuvaa. Hospitalini Thika, ninakofanya mazoezi ya kazi, nilipewa shosho mmoja, bibi mzee wa Kalimoni, ambaye kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia. Tumehangaika na sweta yake wiki nyingi, kifungo baada ya kifungo. Na alikuwa ameweza, Mama!

Siku ya mtihani wangu, mtahini akaketi kututazama. Kifungo cha kwanza kikamponyoka Shosho. Akajaribu tena, jasho likimtoka. Binti yake, Wambui, akaruka kutoka kwa benchi.

"Haiya! Mama yangu anateseka na nyinyi mnaangalia tu?" Akamfunga vifungo vyote.

Mtahini akasimama. "Mgonjwa hajavaa mwenyewe. Utarudia Desemba."

Yaani Krismasi sitakuja. Nililia, sikufichi. Kosa si langu, lakini nani anasikiza?

Nilimfuata Wambui nje nikiwa na maneno makali mdomoni. Akaniwahi: "Angekuwa mama yako, ungekaa tu hivyo?"

Nilikufikiria wewe, nikajua hata mimi ningeruka. Hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Alhamisi walirudi kliniki. Nikamwambia Wambui, "Leo kalia mikono yako." Akaikalia kweli, machozi yakimtiririka. Shosho alichukua muda mrefu sana. Akafunga vitatu, cha nne kikamshinda. Akamgeukia binti yake.

"Njoo unifungie hiki. Kimoja tu, usiguse vingine."

Alisema hivyo kwa sauti ya mwenye nyumba. Wambui akafunga kimoja, akarudi kuketi. Na siku hiyo mtahini hakuwepo, Mama. Hakuna aliyeniandikia hata alama moja.

Nisalimie Baba, na nyanya yangu Kukhu aliyenilea, na ndugu yangu Barasa. Shangazi wa sokoni mwambie sijifunzi masaji. Kuku wa Krismasi mchinje tu, msiningoje.

Ni mimi binti yako, mwenye hasira lakini bado shuleni,

Nafula